VVU: watu 24 wa Bukavu na somo la kipimo cha tatu

Ninayo ao sina? Ndilo swali la kila mtu anayengojea matokeo ya damu yake. Mjini Bukavu, mwaka 2006, watu 24 wangeweza kurudi nyumbani na jibu la uongo, kama waliowapima wangetosheka na vipimo viwili tu.

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilikuwa na vituo vya upimaji wa hiari katika mji huo wa Kivu Kusini. Kati ya Januari na Mei, watu 2864 walipimwa kwa vipimo viwili vya haraka, Determine na Uni-Gold. Watu 229 walionekana kuwa na virusi kwenye vipimo vyote viwili. Lakini damu yao ilipopelekwa kwenye Western blot, kipimo cha maabara kilicho ghali, 24 kati yao hawakuthibitishwa kuwa na virusi.

Kwa nini? Kipimo cha haraka hakitafuti virusi venyewe. Kinatafuta antibodi, yaani askari ambao mwili unatengeneza ili kupigana na virusi. Mara nyingine antibodi za ugonjwa mwingine zinanata kwenye kipimo na kuleta mstari. Huko Bukavu, mistari hafifu ndiyo iliyodanganya zaidi.

Hesabu nayo inasaidia kuelewa. Tuseme watu 1000 wanapimwa na 10 kati yao wana virusi. Kipimo kinachokosea mara moja tu kwa kila watu 100 wazima kitawaonyesha watu wengine 10 hivi kuwa wagonjwa. Hapo nusu ya majibu mabaya ni ya uongo.

Dawa yake si lazima iwe mashine ya bei kali. Huko Bukavu kipimo cha tatu, kilicho rahisi na kinachofanyika palepale, kiliwatambua wote 24. Tangu mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri nchi zote zitumie vipimo vitatu tofauti, kimoja baada ya kingine, kabla ya kumwambia mtu kwamba ana VVU. Tena apimwe upya kabla ya kuanza dawa.

Hii si sababu ya kudharau vipimo. Wengi wa wale 229 walikuwa na virusi kweli, na walihitaji matunzo. Anayejipima mwenyewe nyumbani na kuona mistari miwili, aende kituo cha afya kuhakikisha. Na asiyeonekana na kitu asishangilie mapema: antibodi zinachelewa, hivyo aliyejiweka hatarini hivi karibuni arudie kipimo baada ya miezi mitatu.

Kwa hiyo ukiambiwa unayo, muulize muuguzi bila haya: nimepimwa kwa vipimo vingapi?