Wakili Aliyemtafuta Mwajiri wa Kweli

Mfanyakazi aliyefutwa akifika kwa wakili wa leba, hadithi yake huanza na meneja: alinitukana, akanikata mshahara, akanifukuza bila barua. Wakili humwacha amalize, kisha humwomba karatasi. Mkataba uko wapi? Slipu ya mshahara ina jina la nani? Anayetajwa humo ndiye wa kushtakiwa.

Kesi iliyompa sifa Mercy Mutemi, wakili wa Nairobi aliyebobea katika sheria na teknolojia, ilikwenda kinyume na mazoea hayo. Mei 2022 aliifikisha mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba kwa niaba ya Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyeajiriwa Nairobi na kampuni ya Sama kuchuja maudhui ya Facebook. Mchujaji huketi zamu nzima mbele ya kompyuta akitazama watu wakichinjwa na watoto wakidhulumiwa, na kila video aikatie shauri upesi: ibaki au iondolewe? Kwa mujibu wa kesi hiyo, Motaung alifutwa 2019 baada ya kuwahamasisha wenzake waungane kudai malipo na hali bora. Haki ya kuungana imo katika kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya.

Mkataba ulikuwa wa Sama. Mutemi akaishtaki Meta pia, mwenye Facebook. Meta ikajibu kwamba haina makao Kenya, haikumwajiri mtu huyo, na mahakama ya Nairobi haina mamlaka juu yake. Abiria wa matatu aliyeumia anaijua hoja hii: mdai kondakta, mwenye gari hakuwepo.

Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri alikataa kuiondoa Meta kwenye kesi. Mwezi uliofuata wachujaji wengine, ambao baadaye walifikia 184, wakaja na kesi yao, baada ya Sama kutangaza kwamba inaacha kazi ya kuchuja. Juni, katika uamuzi wa muda, Jaji Byram Ongaya alitazama kazi yenyewe badala ya sahihi iliyo chini ya mkataba. Kazi ilitoka kwa Meta, na mfumo wa kompyuta walioutumia ulikuwa wa Meta. Sama, kwa mtazamo huo, ilikuwa wakala tu. Kwangu mimi huu ndio moyo wa jambo lote, maana kampuni kubwa siku hizi hupenda kuwa na wafanyakazi bila kuwa mwajiri.

Upatanishi nje ya mahakama kati ya wachujaji na kampuni hizo ulivunjika Oktoba 2023. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikatupa rufaa za Meta. Zaidi ya miaka miwili, basi, ilipita kabla ya yeyote kuulizwa kilichotendeka mbele ya zile kompyuta. Mlalamishi asiye na mshahara huisoma sana kalenda ya namna hiyo. Wakili anayemtetea hana budi kumweleza hilo mapema.

Desemba 2024 ripoti za daktari wa akili zilijulikana kuwa zimewasilishwa mahakamani: wachujaji zaidi ya 140 walikutwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe. Meta husema huwataka makandarasi wake watoe ushauri nasaha na huduma za afya. Sasa madai hayo yanaweza kupimwa kwa ushahidi.