Kollajeni ya Mbuta

Msusi mmoja wa Otonglo, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, anauliza: je, krimu ya kollajeni ni halali? Wateja wake Waislamu wanataka kujua, na kibandiko hakitaji mnyama.

Katika krimu kama hiyo, glisirini na asidi ya stiariki huweza kutoka kwenye mawese au kwenye mafuta ya wanyama. Hayo muuzaji aulizwe. Kollajeni ndiyo kazi. Kiasili hakuna mmea unaoitengeneza. Viwandani kwa kawaida hutolewa kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe, nguruwe au samaki. Nguruwe haramu, ng'ombe sharti achinjwe kisheria, samaki hachinjwi.

Msusi ataielewa kollajeni upesi, kwa kuwa ni msuko. Nyuzi tatu za protini hujisokota pamoja. Katika kila uzi, baada ya kila asidi amino mbili huja glisini, ndogo kuliko zote, maana katikati ya msuko hakuna nafasi ya kitu kikubwa zaidi. Ikiwekwa nyingine mahali pake, msuko unaharibika hapo hapo. Prolini na haidroksiprolini, zisizopindika ovyo, ndizo zinazokaza. Zikiwa chache msuko ni mlegevu, na joto kidogo tu linaufumua. Nyuzi zikishaachana, hiyo ndiyo jelatini.

Samaki wa bahari baridi za kaskazini mwa Ulaya wana msuko mlegevu: hufumuka kwenye sentigredi 15 hivi. Ziwa Victoria ni la joto, na msuko wa samaki wake umekazwa ipasavyo. Mwaka 2004 mtafiti John Muyonga na wenzake walichapisha vipimo vya ngozi ya mbuta, yule ambaye Watanzania humwita sangara. Msuko wake huhimili hadi sentigredi 36, karibu sawa na wa ng'ombe. Jambo hili linanifurahisha mno!

Ikipakwa katika krimu, kollajeni haipenyi ndani ya ngozi ya mtu. Hukaa juu na kushika maji.

Hapa Kisumu minofu ya mbuta husafirishwa nje, mifupa inayobaki, yaani mgongo wazi, hukaangwa mtaani Obunga, mabondo (vibofu vya hewa) huenda China, na ngozi nyingine hutengenezwa mikoba na viatu. Ngozi hizo hizo zikisafishwa na kulowekwa kwenye asidi hafifu, kollajeni hutoka. Ichanganywe na glisirini ya mawese, na kibandiko kiandike wazi: mbuta.