Majina ya Alama kwa Mwenye Kusikiliza

Istilahi zetu kwa kawaida hupimwa kwa maana, kwa muundo na kwa wepesi wa kutamka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipimo kingine chahitajika, nacho ni namna istilahi inavyosikika ikisemwa upesi. Mfano wetu ni mtu asiyeona anayetumia kompyuta ya Windows kwa kuandika amri za jamii ya Unix.

Mtu huyo husaidiwa na kisomaskrini, yaani programu inayotwaa maandishi ya skrini na kuyatamka, au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu. Jina hili limefuata mkondo wa kipimajoto na kinasasauti, wala hatuna haja ya kulitafutia jingine. JAWS ya Windows ilitoka mwaka 1995. NVDA, ambayo haiuzwi, ilianzishwa na Michael Curran huko Australia mwaka 2006.

Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani. Amri zake ni vijineno: ls huorodhesha faili, grep hutafuta maneno, rm hufuta. Zimeingia katika Windows kwa njia ya Cygwin na, tangu mwaka 2016, kwa njia ya WSL. Kwa kuwa kila jambo ni maandishi, wala hapana picha za kubofya, asiyeona hufanya kazi humo karibu sawa na mwenzake. Dosari ndogo hazikosekani. Kwa mfano, ls hupanga majina kwa safu za kushuka, na kisomaskrini huyasoma kwa kukata safu hizo. Dawa yake ni kuandika ls -1, kila jina likae mstari wake.

Taabu kubwa imo katika alama. Windows huandika C:\kazi, lakini ndani ya WSL mahali hapo hapo huitwa /mnt/c/kazi. Alama ya pili tumezoea kuiita mkwaju (ingawa wengi hukumbuka kwanza mti wenye kuzaa ukwaju). Ya kwanza baadhi ya watafsiri huiita "mkwaju nyuma". Kwa mwenye kuona jina hilo latosha. Kwa mwenye kusikiliza, ambaye mara nyingi ameiharakisha sauti mno, neno la kutofautisha huja mwisho, wakati sikio limekwisha kuamua. Sarufi yetu huweka kivumishi baada ya nomino, na hatuwezi kuigeuza. Basi dawa ni nomino mbili mbalimbali. Twapendekeza mkwaju ubaki ulivyo, na alama ya \ iitwe mgeuko. Hoja hiyo hiyo yaihusu "kistari" na "kistari chini".

Alama isiyoonekana ndiyo ya hatari kuliko zote. Amri rm -r kazi/* hufuta yaliyomo katika saraka iitwayo kazi. Ikiandikwa rm -r kazi /*, kwa nafasi moja tu iliyozidi, hufuta saraka yenyewe, kisha huanzia kwenye shina na kufuta kila ambacho mtumiaji ana ruhusa ya kukifuta, pamoja na faili zake za Windows zilizomo katika /mnt/c. Wala hakuna pipa la kuziokota. Kisomaskrini kinaposoma neno kwa neno huipita nafasi kimya. Huitaja kinaposoma herufi kwa herufi. Kwa hiyo jina lake liwe fupi: "nafasi" lafaa, "nafasi tupu" lachosha. Mwalimu anayeandika mwongozo naye asitegemee macho ya msomaji. Aandike waziwazi "bila nafasi" kabla ya mkwaju, na aagize amri ya kufuta isikilizwe herufi kwa herufi kabla ya kubonyeza kitufe cha kuingiza.

Herufi kubwa, ambazo Unix huzitenga na ndogo, hazina shida ya jina: NVDA huzisoma moja moja kwa sauti iliyopandishwa, na sikio hutambua bila istilahi yoyote.