Msahafu na Shahada

Wako wadhanio kwamba msichana akishahitimu chuo kikuu, dini kwake hubaki jina na mtandio. Walakini mwenye kukaa Mombasa au Unguja, akawatazama mabinti watokao asubuhi kwenda hospitali, mahakamani na madarasani wanakofundisha, huona dhahiri kwamba elimu haikuwatoa katika dini, bali imewafungulia mlango mwingine wa kuiingilia.

Bibi zao waliukhitimu msahafu chuoni kwa matamshi mazuri, aghalabu pasi na kujua maana, na mambo ya hedhi na josho wakafunzwa na somo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, katika gazeti lake la Al-Islah aliloliasisi Mombasa mwaka 1932, alihimiza wanawake nao wasomeshwe. Na mwaka 1969 ilipochapishwa tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, maana ikaingia majumbani kwa Kiswahili fasihi.

Humo binti husoma, katika aya ya 4 ya Suratun Nisaa, kwamba mahari ni haki ya mke mwenyewe. Nalikazania jambo hili kwa sababu katika nyumba zetu nyingi mahari yalipokewa na wazee, yakagawanywa, na bibi arusi hata kiasi chake asikijue. Leo, kabla posa haijajibiwa, huketi na mama yake akamwambia kwa adabu: “Mama, kilemba cha baba na mkaja wako ni ada, sivikatai, lakini mahari ni yangu.” Wako wauitao huu ufidhuli, mimi naona ni kuirejesha sharia mahali pake. Kadhalika mshahara wake ni mali yake, na masurufu ya nyumba ni juu ya mume. Akichangia kodi au karo, hiyo ni ihsani yake.

Mengine ni ya kila siku: kutafuta pembe tulivu ya ofisi apate kuswali adhuhuri, na kuziandika katika simu siku za Ramadhani zilizompita kwa hedhi, azilipe Jumatatu na Alhamisi kabla Shaabani haijesha.

Na usiku, baada ya isha, mama yake humwita amsomee tafsiri ya sura ambayo yeye mama ameihifadhi kwa moyo tangu utotoni, asipate hata siku moja kuambiwa inasema nini.