Watoto Anaowaona Kuka Peke Yake

Kisa huanzia kitandani, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kutamka neno ugonjwa. Mume anapiga mayowe usiku, anarusha ngumi na mateke, siku nyingine anaruka na kuangukia sakafuni. Akiamshwa anasema alikuwa anafukuza wezi wa ng'ombe. Mkewe anahamia chumba cha wajukuu na mambo yanaishia hapo, maana ni aibu kumwambia jirani kwamba mzee anakupiga akiwa amelala. Miaka kumi baadaye familia inamleta kliniki kwa sababu nyingine kabisa, na nikiuliza habari za usingizi wake wananishangaa.

Swali hilo naliuliza makusudi. Mtu anapoota, ubongo wenye afya huilegeza misuli ili mwili usitende yaliyo ndotoni. Ulinzi huo ukivunjika kwa mtu mzima, huenda ikawa dalili ya mapema kuliko zote ya dimenshia, yaani kudhoofika kwa akili, inayotokana na madonge ya Lewy. Si kila anayerusha mateke usingizini ataugua. Lakini mzee huyo akiwa pia hasikii harufu ya maziwa yanayoungua jikoni, na amekuwa akifunga choo muda mrefu, ningependa kumwona sasa, si baada ya mavuno.

Madonge hayo yanaitwa kwa jina la Friedrich Lewy, daktari Mjerumani aliyeyaeleza mwaka 1912 baada ya kupima bongo za watu waliokuwa na Parkinson. Ni mabonge ya protini ndani ya seli za ubongo. Yakianzia katika shina la ubongo, mtu hukakamaa na kuburuta miguu. Kenji Kosaka wa Japani, kuanzia mwaka 1976, alionyesha kwamba yakitapakaa hadi kwenye gamba la juu, akili yenyewe huvurugika.

Familia nyingi za Kitale na Bungoma hukosea kwa kungojea mzee aanze kusahau. Katika ugonjwa huu kumbukumbu yaweza kubaki nzuri hapo mwanzo. Kuka, yaani babu, anakutajia mwaka aliotahiriwa na wenzake wote wa rika, anakumbuka nani ana deni lake, ila anamimina chai nje ya kikombe, anakosea vifungo vya shati, na njia ya kwenda posho mill aliyoipita maisha yake yote inampotea. Kisha hali yake inapanda na kushuka. Asubuhi anabishana nawe vizuri kabisa juu ya bei ya gunia la kilo 90. Alasiri anatazama ukuta, anasinzia, maneno hayashikani. Kesho yuko sawa tena. Hapo ndipo watu husema anajifanya, au amerogwa, kwa kuwa hawajui ugonjwa unaokuja na kuondoka namna hiyo.

Niweke tahadhari moja. Mzee akichanganyikiwa ghafla, hasa Bungoma ambako malaria haitupi nafasi, apimwe kwanza malaria, mkojo na sukari. Hayo yanatibika na hayangoji. Ninayoyaeleza mimi hujirudia kwa wiki na miezi, homa ikiwa haipo.

Halafu kuna maono. Mara nyingi ni watoto, watu wasiosema neno, au wanyama wadogo. Kwa Wabukusu marehemu anaweza kumjia mtu ndotoni akitaka jina lake apewe mtoto, na desturi hiyo naiheshimu. Ila ndoto huja umelala. Mzee anayewaona watoto watatu chini ya mwembe saa kumi alasiri, macho wazi, jana na juzi pia, na kukueleza rangi za nguo zao, anahitaji daktari hata kama jina limeshatolewa. Usimkaripie wala usimwambie anadanganya. Anawaona kweli.

Wapo wanaofikia kusema mke wao ameondolewa na mwanamke anayefanana naye kuwekwa mahali pake. Naogopa sana maneno hayo yakitoka nje ya boma. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa kwa kuchomwa wakituhumiwa uchawi. Sidai kwamba kulikuwa na dimenshia katika kisa hicho. Nasema tuhuma za uchawi huua, na mzee anayeongea na watu wasioonekana yuko karibu nazo kuliko watoto wake wanavyodhani.

Hatari nyingine iko hospitalini kwetu. Mzee analetwa usiku amechachamaa, wanawe wanne wamemshika, na muuguzi aliye peke yake zamu hiyo anachukua haloperidol au chlorpromazine. Ni dawa za kila siku, na wagonjwa wengi wa akili zimewafaa. Lakini mwenye madonge ya Lewy anaweza kukakamaa kama gogo, akashindwa kumeza, fahamu zikafifia, wengine hawaamki. Hata Piriton tunayonunua dukani kwa mafua inaweza kuuzidisha mkanganyiko wake.

Tiba ya kuuondoa ugonjwa haipo. Rivastigmine na donepezil huwasaidia baadhi, maono yakapungua na akili ikatulia. Dawa ya Parkinson, levodopa, hutolewa kwa kiasi kidogo kwa sababu inaweza kuongeza maono. Asimame polepole pia, maana presha yake huweza kushuka ghafla akaanguka.

Usikate tamaa kwa kudhani utambuzi unahitaji mashine za ng'ambo. Hata huko ng'ambo ugonjwa huu unaweza kupita bila kutambuliwa: Robin Williams, mwigizaji wa Marekani aliyefariki Agosti 2014, aliambiwa ana Parkinson; madonge yaliyotapakaa ubongoni mwake yalijulikana baada ya uchunguzi wa maiti. Kinachomfaa daktari zaidi ni maelezo ya anayeishi na mgonjwa. Mchukue video kwa simu anapohangaika usingizini. Andika kwenye daftari siku njema na siku mbaya. Nenda navyo hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma, uombe barua ya kwenda kwa mtaalamu wa neva katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, kilomita 70 hivi kutoka Kitale.

Na ikitokea umefika usiku, mzee anapambana, sindano inatayarishwa, mwambie daktari au afisa wa kliniki aliye zamu maneno haya: "Baba huona watu wasiokuwepo, hupigana usingizini, na siku hizi anaburuta miguu. Tafadhali usimpe haloperidol kabla ya kufikiria ugonjwa wa Lewy." Yaandike leo kwenye karatasi, uiweke pamoja na kitambulisho chake.