Dhamana si kuachiliwa huru

Mshukiwa wa ulanguzi wa mihadarati akipewa dhamana, naona swali ni moja tu: "Hakimu amekula ngapi?" Tulieni kidogo. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Ukubwa wa kosa pekee hautoshi. Upande wa mashtaka lazima uonyeshe, kwa mfano, kwamba huenda atatoroka, ama atatisha mashahidi.

Kwa hivyo mwanasiasa akiahidi jukwaani "hakuna dhamana kwa walanguzi", mimi nauliza: atabadilisha Katiba, ama anapiga domo tu? Na kumbukeni, kijana aliyeshikwa na misokoto michache ya bangi pia anaweza kushtakiwa kwa ulanguzi. Huyo naye akae rumande miaka?