Hukumu ya Mungu: Je, ni Habari Njema?



Ikitajwa hukumu ya Mungu, wengi wetu huona moto tu na kushikwa na hofu. Lakini Zaburi ya 96 yaonyesha mashamba na miti ikifurahi kwa sababu hakimu anakuja. Furaha hiyo yatoka wapi?

Tukumbuke yaliyotupata. Mwaka 1992 nyumba zilichomwa Molo na Olenguruone. Mwanzoni mwa 2008 damu ikamwagika Nakuru na Naivasha. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Kesi ya mwisho ya washtakiwa wa ghasia hizo kule The Hague ilikwisha Aprili 2016 bila yeyote kupatikana na hatia. Mama aliyepoteza mume na shamba anauliza: basi, imekwisha? Hapana. Hukumu ya Mungu maana yake ni kwamba faili yake haijafungwa.

1. Mjane na hakimu (Luka 18)
Mjane huyu alirudi na kurudi mpaka hakimu mbaya akachoka. Yesu anasema Mungu si kama hakimu huyo, yeye husikia. Tumaini hili halitufungi mdomo. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeongoza Jimbo la Nakuru 1971 hadi 1996, alisema wazi juu ya ghasia za wakati wake.

2. Ngano na magugu (Mathayo 13)
Wakulima wa Njoro na Mau Narok wanajua: magugu machanga yaweza kufanana na ngano, na mizizi hushikana. Katika mfano huu mwenye shamba anawakataza watumishi kung'oa. Mavuno yana siku yake. Wakati wa ghasia majirani waliitwa "madoadoa", ati waondolewe. Waliochukua panga walijifanya wavunaji, kazi ambayo hawakupewa. Hukumu ikiwa ya Mungu, kisasi si chetu, na watoto wetu wasirithishwe deni hilo.

3. Moto wa mfua fedha (Malaki 3)
Mfua fedha haichukii fedha. Anaketi karibu na moto, anaondoa takataka, fedha inabaki safi. Sura hiyo hiyo yawataja wanaodhulumu kibarua mshahara wake, na wanaowaonea wajane, yatima na wageni. Basi moto huo waanzie kwetu: katika daftari la kikundi, akiba ya mjane na malipo ya kibarua.

Anayeogopa hukumu hii ni yule anayetaka dhuluma iendelee. Aliyedhulumiwa anaingojea kama mkulima angojavyo mvua ya Machi.

Maswali ya kuzungumza kikundini
- Ni nani kijijini kwetu angali anangoja haki? Tunaweza kumsindikiza wapi: kwa chifu, kortini, ofisi ya ardhi?
- Ni jirani gani tunayemwita gugu?
- Hesabu zetu zikisomwa mbele ya wote leo, tutafurahi au tutajificha?